Mlio wa Tano

Lahti, Ufini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za nyumbani, naomba nikuandikie mlio mmoja. Nasema nikuandikie kwa sababu kuusikia huwezi, na simu, kama Mama anavyosema, kwako imekuwa kama kipande cha sabuni: unaiweka sikioni, inateleza. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo. Pu. Kama mtu amefungua soda iliyokwisha gesi. Ni wiki ya sita sasa tangu niusikie, na bado nikiwa nakunja mashuka kazini, au nikisubiri maji yachemke, unarudi. Nitakueleza ulitoka wapi na kwa nini nimeandika barua ndefu hivi. Isome peke yako kwanza.

Hamjambo lakini? Goti lako bado linakusumbua asubuhi za baridi? Mama aliniambia viazi vimetoka vikubwa mwaka huu, na kwamba umegombana na dalali mmoja pale sokoni Uyole, wewe ukiandika kwenye daftari lako na yeye akijibu kwa kupiga kelele, mpaka watu wakakusanyika kusoma. Nilicheka peke yangu ndani ya basi, mwanamke wa mbele yangu akageuka. Huku watu hawacheki ndani ya basi.

Mimi ni mzima. Theluji imeanza kuyeyuka, barabara zimekuwa tope jeusi kama la Uyole mwezi wa tatu. Bado nafanya kazi kwenye sehemu kubwa ya kufulia nguo za hospitali. Mashuka yanatoka mashineni yakiwa ya moto, sisi tunayakunja wawili wawili, saa nane kwa siku. Shahada yangu ya pili ya kemia iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Kuna majira niliona aibu kukuandikia hilo. Leo naliandika kwa sababu, kwa yale yanayofuata, hilo ni dogo.

Bado napanga chumba kwa yule mama mzee niliyekutajia, Ritva, aliyekuwa akipeleka barua za posta kwa baiskeli miaka yote mpaka alipostaafu. Ana miaka sabini na miwili. Huku hata mtoto wa chekechea anamwita Ritva hivi hivi, bila kitu mbele. Mimi nilishindwa, nikamwita Mama Ritva.

"Sina mtoto," akasema.

"Kwetu si lazima uwe naye," nikamjibu.

Wiki iliyofuata nikakuta karatasi kwenye jokofu: Maziwa yameisha. Mama Ritva.

Sasa, Baba, usikunje uso. Mama Ritva anashindana kupiga shabaha kwa bastola. Hapa ni mchezo kama bao au riadha. Wana uwanja wao nje ya mji, wana waamuzi, na wazee wengi wanacheza kwa sababu hauhitaji magoti. Unasimama, unanyoosha mkono mmoja, unalenga karatasi iliyo mita ishirini na tano mbele yako, unashusha pumzi. Alinipeleka mara ya kwanza ili nisikae ndani Jumapili nzima nikitazama ukuta. Nilijiunga na chama chao, nikafanya mtihani, nikapewa kibali. Kulenga, mimi ni wa kawaida tu. Kilichonishika ni kazi ya nyuma yake. Wale wazee hawapigi risasi za dukani. Wanazijaza wenyewe, kila mmoja kwa kipimo anachojua kinaifaa bastola yake.

Chini ya nyumba ya Mama Ritva kuna chumba ambacho zamani kilikuwa cha kuhifadhia viazi. Bado kinanuka udongo, na siku ya kwanza niliposhuka ngazi zile, harufu ile ilinirudisha ghalani kwetu. Humo kuna meza nzito, mizani ndogo, na kibao chenye matundu hamsini. Unachukua maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, unayasafisha, unayapachika fataki mpya za kuwashia baruti, kisha unayasimamisha kwenye kibao. Halafu inakuja baruti. Kuna chombo cha shaba chenye mpini; ukiuvuta mara moja, kinashusha kipimo kimoja ndani ya ganda. Mwisho unapachika kichwa cha risasi juu yake na kukibana kwa mashine.

Kipimo chenyewe ni kidogo mno, Baba. Punje chache nyeusi chini ya ganda refu. Ganda lingeweza kubeba vipimo viwili na usione kitu kikimwagika. Ndiyo maana Mama Ritva ana sheria moja tu mle ndani. Kabla ya kufunika, unachukua tochi na kumulika ganda moja moja, yote hamsini, kuona kwamba baruti imesimama usawa uleule. "Usihesabu," aliniambia. "Tazama."

Mikono yake ilipoanza kutetemeka majira ya kupukutika majani, kazi ya kujaza aliniachia mimi. Anakaa kwenye kiti cha pembeni, anafuma soksi. Mimi navuta mpini na kuhesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nahesabu, Baba, ingawa alinikataza. Nilijiambia kwamba yeye hajui. Mimi ni mtoto wa fundi baruti, mimi nahesabu tangu machimbo ya dhahabu ya Makongolosi.

Siku mbili kabla ya mashindano nilikuwa mle ndani peke yangu. Betri za tochi zilikwisha. Betri nyingine zilikuwa jikoni, ngazi kumi na mbili juu yangu. Nilikuwa nimepiga chafya katikati ya kazi, nikafuta pua, nikarudi, nikaendelea. Mwisho nikafika hamsini. Nilivuta mpini mara hamsini, maganda yalikuwa hamsini. Nikasema, ya nini tochi? Nikafunika zote.

Haya yalikuwa mashindano ya mwisho ya Mama Ritva. Alikwisha kutangaza kwamba baada ya hapo ataachia wengine. Chama chao kilipeleka watu watatu, na pointi za watatu zinajumlishwa. Mimi nilikaa nyuma yake, hatua tano. Alipiga kumi na mbili, taratibu, kila moja na mlio wake mkavu uleule. Ya kumi na tatu ikatoka: pu.

Sijui nilisimamaje. Nilijisikia nikipiga kelele kwa Kiswahili, "Bado! Bado moja!" Hakuna hata mmoja pale aliyejua maana yake. Lakini Mama Ritva akashusha mkono.

Mwamuzi alikuja, mzee mmoja mrefu aitwaye Pekka, mwenye ndevu kama brashi. Akaifungua bastola, akatazama. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Ganda lile halikuwa na baruti. Fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma kikaishia njiani. Kama Mama Ritva angevuta tena, risasi ya nyuma ingekutana na ya mbele, na mtutu ungepasukia mkononi mwake.

"Masikio mazuri," Pekka akaniambia. Akachukua kijiti cha shaba na nyundo ndogo, akakigonga kile kichwa mpaka kikatoka. Akamulika mtutu, akaona ni mzima. "Haya. Moja mbaya, hutokea. Unaweza kuendelea, Ritva."

Watu walinipiga bega. Mmoja alinipa kahawa. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe, napongezwa, na kichwani nafanya hesabu. Nilivuta mpini mara hamsini. Maganda hamsini. Moja halikupata kitu. Basi lipo lililopata mara mbili. Kwa hizi kumi na mbili za mwanzo, hakuna mlio uliokuwa mkubwa kuliko mwenzake. Basi limo bado kwenye boksi.

Hakuna mwingine aliyejua. Mama Ritva alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuchukua risasi nyingine.

"Hapana," nikasema. "Usipige. Hata moja."

"Kwa nini?"

"Nyingine ina baruti mara mbili."

Pekka akacheka kidogo. "Umejuaje? Umeiona?"

"Sikuiona. Sikumulika. Nilihesabu, na hesabu ilitimia."

Nilimwona Mama Ritva akielewa. Ilimchukua muda mfupi tu. Alinitazama usoni, akafunika boksi, akaiweka bastola mezani na kumwambia mwamuzi kwamba amejitoa. Hakuna mtu pale aliyekuwa na risasi za aina ile za kumwazima. Wenzake wawili walipiga mpaka mwisho, lakini wawili si watatu. Nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ndiyo matokeo ya kumwachia mgeni." Mama Ritva naye alisikia. Akamjibu bila kugeuka, "Mgeni ndiye amesema. Wewe ungesema?"

Ndani ya gari boksi la risasi nililipakata mimi mpaka nyumbani.

Asubuhi tulishuka kwenye chumba cha viazi. Mizani haikutosha kutuambia ni ipi, kwa maana vichwa vyenyewe vinapishana uzito kidogo, kwa hiyo tulizivunja zote thelathini na saba. Unaipachika risasi kwenye kinyundo maalumu, unagonga gogo, kichwa kinachomoka, baruti inamwagika. Tulikuwa tunaimwaga kwenye sahani nyeupe na kuitazama. Ya ishirini na moja ilimwaga lundo kubwa mara mbili ya yale mengine.

Mama Ritva aliliangalia lundo lile. Kisha akainua mikono yake miwili mbele ya uso, akahesabu vidole kwa sauti, moja mpaka kumi.

"Hesabu imetimia," akasema, akacheka. Mimi ndipo nikaanza kulia, na sikuweza kuacha.

"Nani alikufundisha kuhesabu hivyo?" akaniuliza.

Nikamsimulia. Baba, wewe unajua nilichomsimulia. Lakini mimi na wewe hatujawahi kulisema hili, kwa hiyo naliandika lote, kama kwamba hukuwepo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mama alikuwa anawapikia wachimbaji pale Makongolosi. Wewe ulikuwa fundi baruti wa shimo letu, na masikio yako yalikwisha kuanza kufa, ila hukutaka ijulikane, kwa sababu fundi baruti asiyesikia hana kazi. Ukanifanya mimi masikio yako. Mnawasha tambi saba za baruti, mnapanda, mnajificha nyuma ya lundo la mawe, na mimi nakaa kando yako nikikunja vidole. Ikitimia saba, nakuonyesha, wewe unatangaza, na moshi ukishatoka Baba Mdogo Gwamaka anashuka. Ikiwa sita, nakugusa bega, wewe unapiga kelele, "Bado moja!" na hakuna mtu anayeshuka mpaka kesho yake.

Siku ile nilihesabu saba. Lakini mlio wa tano ulikuja kwa mbali, na ardhi haikutikisika chini ya miguu yangu. Shimo la ng'ambo ya korongo nalo lilikuwa linalipua mchana ule. Niliusikia kuwa wa mbali, Baba. Sikudanganyika. Niliusikia, nikasita, nikakunja kidole. Mama alikuwa anaita kwamba chakula kiko tayari, nilikuwa na njaa, na nilitaka namba itimie.

Sururu ya Baba Mdogo ndiyo iliyoiamsha baruti iliyolala.

Walipompandisha, mkono wa kushoto umezungushiwa shati la mtu, mwenye shimo aliuliza, "Nani alihesabu?" Nilifungua mdomo. Wewe ukasema, "Mimi."

Na hospitalini Mbeya, Baba Mdogo alipopata nguvu ya kusema, maneno yake ya kwanza kwako yalikuwa, "Kaka, kiziwi anahesabu milio? Kiburi chako ndicho kilichonikata mkono." Hukuyasikia. Nilikuona unasoma midomo yake. Ukaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekubali bei. Nje, karibu na bomba la maji, ukanishika bega: "Atu, mdomo huo ufunge. Wewe una shule mbele yako. Mimi masikio yameshakwisha, hata wakinitukana sitasikia." Ulijaribu kucheka.

Miaka tisa. Baba Mdogo akahamia Iringa, akafungua duka la vipuri vya pikipiki, hajakanyaga Uyole tena ila siku ya msiba wa Bibi. Siku hiyo mlikaa pande mbili za uwanja mmoja, na waombolezaji wakawa wanabeba salamu zenu kama wajumbe wa vita. Na mimi, ambaye nilisoma kidato cha tano na cha sita Iringa hukohuko, kila likizo nilipita dukani kwake. Alinikatia tiketi ya basi, akanifungia karanga kwenye gazeti kwa ule mkono mmoja, akitumia meno kukaza uzi. "Soma, mwanangu," alikuwa ananiambia. "Usiwe mkaidi kama baba yako." Nilikuwa napokea karanga na kusema asante.

Mama Ritva alinisikiliza mpaka mwisho, sindano za kufumia zimelala mapajani.

"Na huyo wa mkono mmoja," akauliza, "anajua?"

"Hajui."

"Uwanjani umesema mbele ya watu ambao hata majina yao huyajui. Yeye humwambii?"

"Baba alinikataza."

"Mh," akasema. Akasimama, akapanda ngazi. Nilidhani amenichoka. Akarudi na betri mpya, akaziweka kwenye tochi, akaiweka tochi mbele yangu juu ya kibao. "Jaza hamsini nyingine."

Nilijaza. Nilimulika kila ganda, kisha yeye akamulika, kisha mimi tena. Jumapili iliyofuata alinipa bastola mimi na kuniamuru nipige tano za kwanza mwenyewe. Huo ni utaratibu wao wa zamani: aliyejaza ndiye anayejaribu. Zote tano zilitoka na mlio wake. Kisha akaenda kumwambia Pekka kwamba ameghairi kustaafu, atashindana msimu mmoja zaidi, kwa sababu hawezi kuondoka kwa mlio wa soda. Mwishoni mwa mwezi uliopita alishika nafasi ya nne. Yule aliyesema habari ya mgeni amekuja kuniuliza kama naweza kumwangalia mizani yake, haipimi sawa.

Na kuna jingine zuri. Maabara moja hapa mjini, ya kupima maji ya kunywa, imenichukua kwa miezi sita, kuanzia mwezi ujao. Nitavaa koti jeupe badala ya kukunja mashuka meupe. Mwambie Mama aache kufunga kila Jumatano kwa ajili yangu.

Msalimie sana, na umwambie kibatari cha ghalani asikiwashe karibu na magunia. Msalimie Tusekile, mdogo wangu mkaidi. Kama bado anaichukia hesabu, mwambie dada yake ameanza kumwelewa. Msalimie jirani yetu Mama Neema, anayenisalimia kupitia kila simu ya Mama hata kabla mimi sijasema haloo, na mzee wa kanisa aliyenibebea sanduku siku naondoka. Mama Ritva anawasalimu. Anakutumia soksi ulizoziona ndani ya bahasha hii. Amezifuma mwenyewe, na kama moja ni ndefu kuliko mwenzake, usimwambie.

Sasa lililobaki, Baba. Mama umwambie ukweli huu wewe, au nitamwambia mimi kwa simu. Chagua, lakini chagua kabla ya wiki kwisha. Nimemwandikia Baba Mdogo kurasa nne. Nimemweleza milio yote saba, mmoja mmoja, na ule wa tano ulivyokuja kwa mbali, na nani alikunja kidole. Nimemweleza ulichosema kwa mwenye shimo na ulichoniambia kwenye bomba la maji. Sikumwomba akusamehe, kwa sababu hukumkosea. Nimeomba kwa ajili yangu tu, na sijui atanijibu nini. Barua yake niliiposti Jumatatu. Hii yako naiposti leo, Ijumaa. Nimeitanguliza yake makusudi, kwa sababu nakujua: ungenikataza, na mimi ningekutii tena.

Kwa hiyo ukimwona anafungua geti, usianze kukisia midomo yake. Mpe daftari. Mkono uliobaki ni wa kulia, na anaandika vizuri sana, nimeona vitabu vyake vya dukani. Ila karatasi humkimbia akiandika, hana cha kuishikia. Mshikilie.

Mimi niliyekuwa masikio yako,
mwanao Atuganile